Kabla Hujatoka Kwenda Kupiga: Akili ya Zamu Ndefu Kwenye Kriketi

Anza na mahali unapokaa kusubiri zamu. Mpigaji aliyejifungia chumba cha kubadilishia nguo, kisha akaitwa ghafla kwenye jua la saa nane mchana la Arusha, mipira yake ya kwanza ataikabili na macho ambayo bado hayajazoea mwanga. Kaa nje, pedi zimefungwa, helmeti pembeni, umsome mrushaji: anauachilia mpira wapi, na mkono wake unabadilikaje anapotaka kurusha wa polepole. Mwangalie pia kipa, yule anayedaka mpira nyuma ya mpigaji. Husimama pale anapoweza kuudaka mpira usawa wa kiuno, kwa hiyo akirudi nyuma hatua mbili tatu, ujue kiwanja kinadundisha vizuri.

Asubuhi za Juni na Julai, Meru ukiwa umefunikwa na mawingu na nyasi bado zina umande, mpira unaweza kuchepuka ukishagusa chini. Ukicheza juu ya mkeka uliotandikwa kwenye zege, tarajia udunde juu zaidi. Hayo yasome mapema, kwa sababu ndiyo yatakayokusaidia katika jambo ninalolisisitiza kuliko mengine yote: amua ni mpigo gani hutaupiga leo.

Januari 2004 mjini Sydney, Sachin Tendulkar, mpigaji wa India, aliingia akiwa ameandamwa na tatizo la kutoka kwa mipira inayopita nje ya vijiti anavyovilinda mpigaji, ile inayomtamanisha kupiga draivu (mpigo wa kusukuma mpira mbele) kuelekea kava, eneo la mbele kwa pembeni. Akaamua kuiacha draivu hiyo. Warushaji wa Australia wakamtegea huko huko, yeye akaendelea kuwangoja waje kwenye miguu yake. Alifikisha mikimbio 241 bila kutolewa. Wapigaji wengi hujiambia "leo nitakuwa makini", kisha ova ya tatu (ova moja ni mipira sita) wameshatoka, kwa kuwa umakini wa jumla hauna pa kushikia. "Leo sipigi kava" ni agizo unaloweza kulitii hata moyo ukienda mbio.

Kwetu huku kishawishi ni kikubwa zaidi. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira uliopigwa sawasawa husafiri mbali. Kijana akiona mwenzake kapiga sita (mpira uliovuka mpaka bila kugusa chini), naye anaitaka yake mpira wa kwanza. Jiwekee mipira 20 ya kupiga chini kwa chini. Hata mechi ya ova 20 ina mipira 120, nafasi ipo. Na usiingie unawaza mikimbio hamsini. Waza kumi, halafu kumi nyingine.

Kuhusu umakini, wengi huchoka kwa sababu wanajikaza muda wote. Mpira mmoja, tangu mrushaji aanze kukimbia hadi uishe, hukuhitaji sekunde chache tu. Ukikabili mipira 60, hizo ni dakika chache za kazi kamili. Muda uliobaki pumzisha kichwa. Hanif Mohammad alikaa dakika 970 pale Bridgetown, Barbados, mwaka 1958, Pakistan ikiwa imerudishwa kupiga tena huku iko nyuma kwa mikimbio 473, akapata 337 na mechi ikaisha sare. Hakuna binadamu anayekaza akili saa 16 mfululizo. Kwa hiyo chagua mapema kitendo chako cha kupumzikia: sogea pembeni, kaza glovu, tazama nyasi, kisha rudi kwenye mstari. Kitendo hicho hicho kitumie mpira ukikupita gongo. Ule umeshapita, usiusindikize.

Mwisho, ongea na mpigaji mwenzako kabla hamjavuka kamba. Kubalianeni nani anaita mkimbie au msikimbie mpira ukienda mbele na nani ukienda nyuma, na mtumie maneno matatu tu: njoo, ngoja, rudi.