Albamu ya kwanza ya kundi lenu: vile mtaitoa na vile mtajua kama imeshika

Kama mko kundi la pop hapa Nairobi na ngoma zishafika kumi kwa laptop ya prodyuza, kabla ata mbishane juu ya kava kaeni chini muandike nani ni mwenye nini. Kila wimbo karatasi yake, nani aliandika maneno, nani alitunga melodi, prodyuza anakula asilimia ngapi, alafu wote mnasaini. Inaboesha na mtaonekana hamuaminiani, lakini ugomvi huja wimbo ukishashika, na sai hakuna pesa ya kugombania so ni rahisi kuelewana. Sajilini kazi KECOBO, ile bodi ya serikali ya hakimiliki. Vyama vya kukusanya mirabaha, ile pesa ya kazi yenu ikichezwa, ulizeni hapo hapo KECOBO kipi kiko na leseni mwaka huu, juu hayo maneno hufika mpaka kortini na hamtaki kujiunga na chama ambacho hakiruhusiwi kukusanya.

Miksi msiisikilize studio peke yake. Studio kila kitu ni tamu. Weka kwa flashi, tafuta dereva wa matatu unayemjua, awekee wimbo gari ikiwa staji na mlango wazi, alafu simama nje. Kama besi imemeza sauti ya mwimbaji rudini kwa miksi, msiseme ni spika za gari. Baadaye jaribuni na simu ya kawaida bila earphone, juu wengi wataisikia hivyo.

Intro ndefu kateni. Spotify, ile app ya kusikizia muziki, inahesabu strimu (wimbo kuchezwa mara moja) mtu akifikisha sekunde 30, na tangu 2024 wimbo usipofikisha strimu 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Kwa kundi jipya hio sio mchezo, so ile gitaa ya dakika nzima mnayoipenda ipelekeni mwisho wa albamu.

Kupakia, mpeni msambazaji, yule anawawekea nyimbo kwa Spotify na kwingine, kazi kama mwezi mmoja kabla ya tarehe ya kutoa. Wahariri wa Spotify, wale wanapanga playlist, wanataka ombi lenu angalau siku 7 kabla, na ni wimbo mmoja tu mnawapelekea, chagueni vizuri. Kama kuna wimbo mlishautoa peke yake, utumie ile ISRC yake ya zamani, kitambulisho cha rekodi chenye herufi na namba 12, ndio strimu za kwanza zisipotee. Jina la kundi liandikwe vile vile kila mahali, ata nafasi kati ya maneno. Na lonchi iwekeni mwisho wa mwezi watu wakiwa na mshahara, tarehe 18 mtaimbia mafundi wa mitambo.

Sasa mapokezi, na hapa ndio wengi hujidanganya. Wiki ya kwanza ni mabinamu, wale mlisoma nao na mashemeji. Watasema ni moto na msiwabishie, lakini msiihesabu. Angalieni wiki ya tatu, wakati hakuna mtu mnamsukuma: ni wimbo gani mtu hamjuani ameusevu, ni gani anaruka kila mara. Mara nyingi utapata sio ule mlilipia pesa mingi, ni ule mliutia namba saba kujaza nafasi. Ndio maana mimi nasema pesa ya video mzuie kwanza mpaka mjue.

Wakosoaji, someni mara moja na msijibu, ata mkitukanwa. Mmoja akisema maneno ni mepesi hio ni maoni yake. Wanne wasiojuana wakisema nyimbo zote zinafanana, hio ni kazi ya kufanya. Kitu ingine mtaulizwa ni kama mnaiga Sauti Sol, kila kundi lenye sauti zinapishana Nairobi huulizwa. Sauti Sol wenyewe walitoa Mwanzo 2008 na albamu yao ya tatu ikaja 2015, so msikubali mtu awaambie mmeshindwa juu miezi mitatu imepita.

Kwa shoo sikilizeni beti ya pili. Korasi kila mtu huimba ata kama ameisikia mlangoni, lakini beti ya pili mtu haijui mpaka awe amerudia wimbo kwake nyumbani. Wekeni mtu mmoja nyuma ya ukumbi aandike ni wimbo gani waliimba mpaka hapo, alafu pesa ya video iende huko, ata kama ni ule wa namba saba.