Dalali mmoja kwa mtaa mmoja: kutafuta kiwanja Mbeya ukiwa ughaibuni

Nilipoanza kutafuta kiwanja Isyesye nilijiona mjanja. Niliwapa kazi madalali watatu, binamu yangu wa Uyole akaongeza wa nne, na hakuna aliyejua habari za mwenzake. Kumbe wote walikuwa wanazungumzia kiwanja kimoja. Mzee mwenye nacho akapigiwa simu nne ndani ya siku mbili, akajua kuna wateja wanne wanagombania, na bei ikatoka milioni 18 ikafika 23. Niligombania kiwanja na mimi mwenyewe, nikiwa Birmingham.

Kwa hiyo chagua dalali mmoja kwa kila eneo. Wa Iwambi si lazima aijue Uyole, na Kihesa kule Iringa kuna wenyewe. Ukitaka wawili, wajulishe. Madalali wa miji yetu wanajuana, na sifa ya mteja msumbufu husambaa haraka kuliko tangazo la kiwanja.

Suala la malipo limalizeni mapema. Nyumba ya kupanga inajulikana, ni kodi ya mwezi 1. Kwenye kiwanja kila mtu na lake: kuna anayetaka asilimia, kuna anayeishi kwa cha juu, yaani mwenye mali anataja bei yake na dalali anapachika yake. Muulize tu, "Kaka, wewe unalipwa na nani, na kiasi gani?" Jibu alitume kwa maandishi, hata WhatsApp. Mimi napenda asilimia. Wa cha juu hana sababu ya kunishushia bei.

Mkishakubaliana, usimruke. Najua kishawishi: umeshaonyeshwa kiwanja, shangazi anamfahamu mke wa muuzaji, mnaweza kumalizana wenyewe. Lakini yule kijana alitembea na tope la Februari kukupigia video ukiwa umejifunika blanketi. Hela yake mpe.

Nauli ya bodaboda itume kabla hajatoka nyumbani. Usimpigie ukimaliza zamu: wakati wa baridi, saa 3 usiku ya Uingereza ni saa 6 usiku ya Mbeya. Ukighairi, mwambie siku hiyohiyo, kwa sababu ameshamwambia muuzaji "mteja ninaye" na jina lake ndilo lililo rehani. Na salamu jamani! Iringa ukianza na "kamwene" utasikilizwa vizuri kuliko ukianza na "vipi, umefikia wapi?"

Ila kumheshimu dalali hakukuzuii kuhakiki. Kazi yake ni kukukutanisha na muuzaji. Nakala ya hati ipelekwe ofisi ya ardhi ifanyiwe upekuzi, na mwanasheria umtafute wewe, asiwe yule aliyeletwa na dalali. Muuzaji akiwa na ndoa, mwenzi wake aridhie kwa maandishi. Hela ya kiwanja iingie benki kwa mwenye jina lililo kwenye hati, isipitie kwa dalali hata kama mmeshakuwa kama ndugu. Kama kuna mtu atasaini kwa niaba yako, mwandikie hati ya uwakilishi kwa mwanasheria. Ujumbe wa sauti hautoshi. Dalali anayejua kazi hanuni ukimwambia haya. Akinuna, mshukuru kwa muda wake na uachane naye.

Na kama ulishachukua uraia wa nchi nyingine, anza na mwanasheria kabla ya dalali. Sheria ya Ardhi ya 1999 inambana asiye raia, na si uungwana kumzungusha mtu miezi mitatu kwa kiwanja ambacho huenda usiruhusiwe kukimiliki.

Kile cha Isyesye nilikikosa. Nilipata kingine Ituha, kupitia mmoja wa wale watatu, baada ya kumwomba radhi. Mvua zikianza ananitumia picha za bikoni zangu, zile alama za mipaka ya kiwanja, bila kuombwa, na mimi namrushia vocha.