Namna ya Kuorodhesha na Kutunza Maktaba ya Kihistoria ya Muziki wa Okestra

Anayekabidhiwa kabati la nota za okestra zilizorundikana kwa vizazi kadhaa hutamani kuanza kwa kusafisha, lakini kazi ya kwanza ni kuhesabu, bila kufuta wala kutupa chochote. Kinachohesabiwa ni seti, yaani partitura (kitabu chenye nota za ala zote pamoja) ya mwongoza okestra, pamoja na karatasi za kila ala. Kwa kuwa wapiga fidla hukaa wawili wawili kwenye stendi moja, fidla za kwanza 16 huhitaji nakala 8, ilhali kila mpiga ala ya kupuliza huwa na karatasi yake peke yake. Ndiyo maana kupotea kwa karatasi moja ya fagoti ya pili huisimamisha seti nzima, na upungufu wa namna hiyo ni lazima uandikwe siku ileile unapogunduliwa.

Baada ya kuhesabu, tambua kazi yenyewe, na hapa usiliamini jalada. Simfoni ya Antonín Dvořák inayojulikana leo kuwa ya 9, iliyopigwa kwa mara ya kwanza New York tarehe 16 Desemba 1893, ilichapishwa na kampuni ya Simrock mwaka 1894 ikiwa simfoni ya 5, kwa sababu zile za awali zilikuwa hazijachapishwa zote. Mworodheshaji asiyelijua hilo atafungua majalada mawili ya kazi moja, au atachanganya karatasi za simfoni mbili tofauti. Simfoni kubwa ya Schubert ya C meja nayo imewahi kuitwa ya 7, ya 8 na ya 9. Dawa yake ni kuandika utambulisho usiobadilika: opasi (nambari ya kazi) 95 kwa Dvořák, D. 944 kwa Schubert, yaani nambari yake katika orodha ya Deutsch, nambari ya orodha ya Köchel kwa Mozart, pamoja na ufunguo wa muziki na nota za vipimo (baa) vichache vya mwanzo wa kazi.

Nakili pia jina la mchapishaji na nambari ya bamba la uchapaji, ambayo kwa kawaida huwa chini ya kila ukurasa. Nambari hiyo husaidia kukadiria mwaka wa kuchapwa, na huonyesha kama karatasi zote zimetoka katika toleo moja. Matoleo tofauti yanaweza kuwa na herufi za mazoezi, yaani herufi zinazoonyesha mahali pa kuanzia, zisizolingana, na mwongoza okestra akisema tuanzie herufi G, nusu ya okestra itaanzia pengine. Ala ziorodheshwe kwa mpangilio uliozoeleka wa partitura: fluti, obo, klarineti, fagoti, kisha hornu, tarumbeta, tromboni, tuba, halafu timpani na ngoma nyingine, na mwisho ala za nyuzi. Kwa miswada ya mkono, fuata kanuni za RISM, mradi wa kimataifa wa kuorodhesha vyanzo vya muziki ulioanzishwa mwaka 1952.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni alama za penseli. Okestra ya New York Philharmonic, iliyoanzishwa mwaka 1842, imehifadhi partitura zenye alama za Gustav Mahler na za Leonard Bernstein, waliowahi kuiongoza. Bernstein alitumia penseli nyekundu kwa maelekezo ya kunakiliwa katika karatasi za wapigaji, na ya buluu kwa ajili yake mwenyewe, kwa hiyo rangi yenyewe ni ushahidi. Wapigaji wa kawaida nao huandika mielekeo ya uta, vipande vya kurukwa, na nyuma ya karatasi tarehe za maonyesho na muda uliotumika. Piga picha kurasa hizo na uzieleze katika orodha. Kama seti bado inatumika na mwongoza okestra mpya anataka alama zake, nunua au chapa nakala nyingine, na ile ya zamani ipumzishwe.

Karatasi iliyotengenezwa kwa massa ya miti tangu katikati ya karne ya 19 mara nyingi ina asidi, hugeuka manjano na kukatika inapokunjwa. Ondoa pini na vibanio vyenye kutu kwa uangalifu, kisha weka kila seti katika jalada lisilo na asidi. Usizibe machaniko kwa utepe wa gundi, kwani huacha doa lisilotoka. Tumia karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano. Chumba kiwe na joto lisilozidi nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 35 hadi 50, jambo gumu kwa bendi za polisi na jeshi za pwani yetu, zenye karatasi za namna hiihii. Huko, mtambo wa kupunguza unyevu na rafu zilizoinuliwa kutoka sakafuni na kutengwa na ukuta, ili mchwa waonekane mapema, ni mambo ya lazima. Karatasi zenye kuvu zitengwe na kukaushwa kwanza, na anayezipiga brashi avae barakoa.

Seti inapotolewa kwa mazoezi, andika idadi ya karatasi, jina la aliyezichukua na tarehe, na zinaporudi uzihesabu upya mbele yake kabla hajaondoka.