Maigizo bubu baada ya chama

Sebule yangu hapa Umoja, Nairobi, hutosha watu wanane wakibanana, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi huwa tunabanana kweli. Hesabu za chama chetu cha kuchanga pesa zikishafungwa na chai ikishanywewa, meza inasukumwa ukutani, tunagawana timu mbili. Mtu anaokota karatasi kwenye sufuria, anaigiza kilichoandikwa bila kutoa sauti, na timu yake inabahatisha kabla dakika moja ya simu haijaisha. Wakipata, alama moja. Vifaa ni hivyo tu: sufuria, kalamu na karatasi za daftari kuukuu.

Mchezo hunoga au huharibika pale karatasi zinapoandikwa. Mara ya kwanza niliwaachia wenzangu waandike watakalo, nami nikaokota "demokrasia". Nikapiga foleni peke yangu, nikatumbukiza kura sandukuni, nikachovya kidole kwenye wino. "Anaonja mchuzi!" wakapiga kelele. "Umezidi chumvi!" Dakika ikaisha hivyo. Tangu siku hiyo amri yangu ni moja: andika kitu ambacho mwili unaweza kukifanya. Makanga anayening'inia mlangoni. Kusonga ugali wa matanga. Kipchoge akimaliza mbio za Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hii ilimwangukia mwenzetu mwenye goti bovu, akaikimbia akiwa ameketi.

Lakini tamu kuliko zote ni methali. Chukua "mtaka cha mvunguni sharti ainame". Kwanza inua vidole vitano, maana maneno ni matano. Timu ikitamka "matano", itikia kwa kichwa. Sasa usihangaike na neno la kwanza, utaigizaje "mtaka"? Inua tena vidole vitano kuonyesha unaanza na neno la tano, kisha inama. Inama hasa, shavu liguse zulia, mkono upapase chini ya kochi. Watasema panya, watasema hereni imepotea, na mmoja akishasema "ainame" methali nzima itamtoka mwenyewe.

Neno likiwa gumu, likate silabi: weka vidole juu ya mkono, chini ya kiwiko, kuonyesha idadi yake. Mchezo huu wenyewe ulizaliwa hivyo, Ufaransa katika karne ya 18, ukiwa kitendawili cha neno lililokatwa vipande. Jihadhari tu na "matatu". Ukionyesha vidole vitatu hakuna ajuaye kama ni maneno, silabi au zile sarafu tatu za senti kumi za nauli zilizolipa gari jina lake.

Wanaocheza kwa Kiingereza hushika sikio kumaanisha "linafanana kwa sauti na". Sisi tuliliacha. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, vina ni vingi mno. Ukishika sikio kwa ajili ya "paka", watu watataja taka, shaka na mwaka mpaka simu ilie.

Marufuku ni kuchezesha midomo, kuandika herufi hewani na kuonyesha kitu kilichomo chumbani. Hiyo ya mwisho ndiyo huleta ugomvi, basi teueni mwamuzi mapema.

Mwenye haya msimburure. Mpeni simu ashike saa. Shosho wa jirani alishika saa miezi miwili, wa tatu akainuka mwenyewe, akaokota karatasi, akanyoosha mikono mbele, akaanza kama anarusha kitu juu kidogo na kukipokea, kiuno kikifuata, mara kwa mara akipuliza. Vijana wa timu yake wakasema densi, wakasema usukani, wakasema anabembeleza mtoto. Aliyelelewa ushago ndiye aliyejua: kupepeta maharagwe! Ndiyo maana siku hizi nachanganya rika kila timu. Vijana wakikaa peke yao hawaujui ungo, na wazee wakikaa peke yao hawatambui mtu anayejipiga picha.

Anzeni saa moja jioni, mmalize saa tatu. Anayeigiza hanyamazishi mtu ila yeye mwenyewe. Wanaobahatisha hupiga kelele kama wako uwanjani, na jirani yangu wa chini ana ufagio mrefu unaofika darini.