Notion kwenye simu: acha kiolezo kikuchujie oda

Ukiwa na jedwali la Wateja na la Oda kwenye Notion, programu ya kuandika na kupanga kazi, yaliyounganishwa kwa safu ya uhusiano (relation, inayofunga kila oda na mteja wake), usihangaike kuchuja kwa kidole kwenye simu. Kaa kwenye kompyuta mara moja: ndani ya Wateja tengeneza kiolezo (template, ukurasa wa mfano), weka humo mwonekano wa Oda (linked view, jedwali lile lile likionyeshwa hapo), kisha kwenye kichujio chake weka safu ya uhusiano, “Mteja”, iwe na kiolezo chenyewe. Mteja mpya ukimfungulia ukurasa kwa kiolezo hicho, hata kwa simu, kichujio hugeuka kumfuata yeye. Oda utakayoongeza humo hujijaza jina lake, na hapo ndipo utamu ulipo. Kurasa za zamani hazipati kitu. Hizo utazichuja mwenyewe. Ukibadili kiolezo baadaye, kurasa zilizokwisha kufunguliwa kwa kiolezo hicho hazibadiliki.