Jinsi ya kumsikilizisha mtu rap ya kelele kwa mara ya kwanza

Shemeji yangu alidumu sekunde 11. Alichomoa hedifoni, akaukagua waya kutoka mwanzo hadi mwisho, akapuliza plagi, kisha akanirudishia na kusema kwa upole, "Shemeji, hizi zimekufa."

Hazikuwa zimekufa. Nilikuwa nimemwekea mwanzo wa CLPPNG, albamu ya 2014 ya clipping., kundi la Los Angeles la rap ya kelele, yaani rap inayochanwa juu ya milio na mikwaruzo. Ni mlio mwembamba unaotoboa sikio, hakuna ngoma, hakuna besi, na rapa wao, Daveed Diggs, anachana mistari kama mtu anayekimbizwa. Mimi naupenda mno mwanzo ule, na kosa lilikuwa hapo hapo: nilimchagulia mwenzangu wimbo kwa kujitazama mimi. Baada ya siku hiyo nimekaa na watu wengi nikiwawekea muziki huu, na sasa nafanya hivi.

Kwanza muulize anasikiliza nini akiwa peke yake. Anayefuata maneno mpe "Get Up", kutoka albamu hiyo hiyo. Biti yake imejengwa juu ya mlio wa saa ya kengele, ule tunaoamka nao tukiutukana. Unakera, lakini si mgeni kwa mtu yeyote, kwa hiyo sikio lina pa kushika. Mpe na kazi ya kufanya: mwambie kundi hili lilijiwekea kanuni ya kukwepa nafsi ya kwanza katika mashairi, kisha amwinde Diggs aone kama atateleza na kusema "mimi". Akiwa kwenye uwindaji huo, anasahau kukereka.

Mtu wa kucheza mwekee "I've Seen Footage" ya Death Grips, kundi la Sacramento, kutoka The Money Store ya 2012. Rapa wao, MC Ride, anafoka kama kawaida yake, ila chini yake kuna mdundo ambao mguu huuelewa kabla ya kichwa. Aliyezoea magitaa mazito nampa Dälek, kundi la Newark, Marekani, albamu ya Absence ya 2005: mvumo umesimama kama ukuta, lakini rapa ametulia, hana haraka. Na mkongwe wa hip-hop anayelalamika kwamba vijana wameuharibu muziki, mrudishe kwa Public Enemy, "Rebel Without a Pause" ya 1987. Ule mluzi wa saksafoni usiokoma ulikatwa kutoka wimbo wa 1970 wa The J.B.'s, bendi ya James Brown. Atakuambia hiyo ni tofauti. Sawa, usibishe; ameshakaa dakika tano na mluzi sikioni.

Tumia spika, si hedifoni. Mtu mwenye hedifoni hana pa kukimbilia isipokuwa kuzivua, ila mbele ya spika anaweza kusogea, kugeuza kichwa, kusimama mlangoni. Na weka sauti ya chini kuliko unavyotaka. Sikio letu ni jepesi zaidi kwa milio ya kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 na 5,000 hivi, na mikwaruzo mingi ya muziki huu inaishi humo humo, kwa hiyo ukifungua sana unamwumiza tu. Halafu kuna usalama wenyewe: Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Kwenye desibeli 95 umebaki na saa moja na robo kwa wiki nzima.

Ukishabonyeza, funga mdomo. Hapa ndipo wapenzi wa muziki huu tunapoharibu, maana tunataka kueleza. Zamani nilikuwa naanza na Luigi Russolo, msanii wa Italia, na andiko lake la 1913 kuhusu sanaa ya kelele. Sijawahi kuona mtu akibadilishwa na tarehe.

Tazama mwili. Binamu yangu wa kike alicheka wimbo mzima, kicheko cha kushika mbavu, nami nikakunja uso kabla sijaona kwamba kidole gumba chake kilikuwa kinagonga goti, tena kwa wakati sahihi. Kicheko si dharau. Anayeuliza "Anasema nini?" yuko njiani tayari, mpe mashairi asome huku wimbo unacheza. Anayekasirika naye usimwone mshamba. Sauti ambayo nguvu yake inatikisika, yaani inapanda na kushuka, kati ya mara 30 na 150 kwa sekunde tunaisikia kama mkwaruzo, na mayowe ya binadamu yana mtikisiko huo huo. Mwili wake umesikia hatari, nao una haki. Wa kumwogopa ni yule anayetikisa kichwa polepole na kusema "nzuri". Huyo anasubiri uishe.

Akisema "Huu si muziki," usimjibu. Muulize: "Ulichoka wapi?" Utashangaa jinsi watu wanavyojibu kwa usahihi: pale ngoma ilipokatika, pale sauti ilipoanza kupasuka. Ukishajua mahali, unajua wimbo wa pili usiwe na nini. Nyimbo mbili zinatosha kwa kikao kimoja, tatu kama ameomba mwenyewe. Kurudia kunasaidia, lakini si jioni ile ile. Na aliyechukia kabisa ukimrudishia unamwongezea chuki tu. Halafu neno "utazoea" lifute kinywani. Linamwambia kwamba tatizo ni masikio yake.

Shemeji nilimwacha. Kama mwezi hivi baadaye tulikuwa sebuleni, nimefungua "Get Up" kwa sauti ndogo nikifanya mambo yangu. Akainuka, akaichukua simu yake mezani, akaitazama, akairudisha. Ubeti wa pili akaichukua tena.

"Si yangu?"

"Si yako."

Akakaa, akasikiliza hadi mwisho akiwa ameikazia macho spika. Kisha akaniuliza kama ninayo nyingine ya namna hiyo, lakini isiwe ile iliyoua hedifoni.