Betri za lori la volti 24: jua kilichoua za zamani kabla hujanunua mpya

Lori likigoma kuwaka alfajiri, wengi wana dawa moja tu: betri mpya. Mara nyingi betri kweli imekufa, ila kilichoiua bado kimo ndani ya gari, kinaisubiri hiyo mpya. Ndiyo maana katika yadi moja utakuta mtu anakaa na betri zake miaka minne, na jirani yake ananunua kila mwaka.

Maelezo haya ni ya lori lenye betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo kupata volti 24: Scania, Actros, Volvo, Howo na mengineyo. Malori mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani hutumia volti 12, betri tatu au nne zikiwa zimeungwa sambamba. Vipimo vya betri mojamoja ni vilevile, lakini ya "jozi" yaliyomo humu hayayahusu.

Zinakufaje

Muuaji wa kwanza huku kwetu ni joto. Hesabu ya mafundi ni kwamba kila joto linapopanda nyuzi 10, uharibifu wa ndani unakaribia kuongezeka maradufu: wavu wa sahani chanya unaliwa na kutu, maji yanakauka. Betri ambayo Ulaya ingefika miaka minne au mitano, kwa lori linaloshinda Dar es Salaam au Mombasa mitatu ni mizuri. Ajabu yake ni kwamba inauawa pwani, inafia Makambako au Mbeya. Asubuhi ya baridi oili ya injini ni nzito, stata inadai umeme mwingi, na betri iliyochoka inatoa kidogo kuliko kawaida. Dereva anasema baridi imeua betri, kumbe baridi imeitangaza tu.

Wa pili ni mtikisiko. Fungua sanduku la betri la lori lolote la kokoto utakuta kishikizo cha chuma kilishapotea, betri zimefungwa kwa mpira wa tyubu. Mpira unanyumbuka. Betri ya kilo 50 ikirukaruka kwenye rasta na mashimo, unga wa risasi unadondoka kutoka kwenye sahani na kujikusanya chini, mpaka siku moja unagusanisha chanya na hasi ndani ya seli. Hapo betri unaichaji usiku kucha, asubuhi inasoma volti 10.5 hivi. Seli moja kati ya sita imekwenda, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Wa tatu ni kukaa bila moto. Lori limekwama kwenye foleni ya mpakani Tunduma au Kasumbalesa, injini imezimwa, kabini inaendelea na maisha: friji, redio, inveta ya kuchaji simu, taa. Friji dogo likivuta wastani wa ampea 2, kwa siku ni Ah 48 (ampea-saa, yaani ampea mara saa). Na hapa wengi hukosea hesabu: betri mbili za Ah 180 zilizoungwa mfululizo hazikupi Ah 360. Volti ndizo zinazojumlishwa, Ah zinabaki 180. Siku mbili za friji peke yake zimeshakula zaidi ya nusu. Betri ikibaki hivyo kwa siku kadhaa, salfeti iliyotanda kwenye sahani inaganda kuwa fuwele ngumu zisizoyeyuka tena kwa chaji ya kawaida, na uwezo wake unapungua kabisa.

Redio ya volti 12

Hili tunalitenga kwa sababu ndilo linaloua betri nyingi bila mtu kulishuku. Redio, chaja ya simu au kifaa cha kufuatilia gari kinataka volti 12, lori lina 24. Fundi wa haraka anavuta waya kwenye kiungo cha kati, pale betri moja inapopokelewa na nyingine, na kazi imeisha. Inafanya kazi siku hiyohiyo.

Angalia kinachofuata. Betri ya upande wa bodi, ile ambayo hasi yake imefungwa kwenye bodi, ndiyo inayolisha redio peke yake. Alternata haijui hilo: inaona volti za jozi nzima na kupitisha umeme uleule ndani ya betri zote mbili. Iliyotumika haijai kamwe. Ambayo haikutumika imeshajaa, lakini inaendelea kusukumiwa umeme, inachemka, inapoteza maji. Miezi michache baadaye moja ina salfeti, nyingine imekauka, na mwenye gari analalamika kauziwa betri feki. Hata ukiweka mpya za bei kubwa, waya ule ukibaki zitaishia palepale.

Dawa yake ni konveta ya kushusha volti 24 hadi 12. Ya ampea 10 inatosha redio na simu. Waya wake wa kuingiza unatoka kwenye chanya ya volti 24 kupitia fyuzi, na vifaa vyote vya volti 12 vinakula kutoka kwake. Kwenye kiungo cha kati kusibaki waya wowote wa nyongeza.

Kupima

Unahitaji multimita, haidromita (kipimo cha uzito wa asidi) kama betri zina vifuniko vya kujazia maji, na mtu wa kupiga stata. Acha gari likae usiku mzima bila kuwashwa. Kama huna muda huo, washa taa kubwa dakika mbili tatu, zizime, subiri kidogo ndipo upime. Bila hivyo unasoma chaji ya juujuu ambayo haina nguvu nyuma yake.

Pima kila betri peke yake. Kusoma 24.6 kwa jozi hakukwambii kitu, maana inaweza kuwa 12.7 na 11.9. Volti 12.6 hadi 12.8 ni betri iliyojaa, 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 11.9 kwenda chini haina kitu. Tofauti kati ya betri mbili ikizidi 0.2, tafuta waya wa kiungo cha kati kabla ya kitu kingine.

Haidromita ndiyo inayosema ukweli wa ndani. Seli iliyojaa inasoma karibu 1.265, iliyofika nusu 1.190. Pima seli zote sita: moja ikiachana na wenzake kwa pointi 50, kwa mfano zote 1.250 na moja 1.200, betri hiyo si ya kutegemea tena. Ila usipime muda mfupi baada ya kuongeza maji, kwa kuwa maji yatakuwa bado yameelea juu.

Sasa mwambie utingo apige stata huku umeshika nyaya za multimita kwenye vichwa vya betri moja, halafu rudia kwa ya pili. Betri iliyojaa ikianguka chini ya volti 9.6, imechoka. Zote mbili zikibaki juu ya 11 na stata bado inazunguka kwa kuvuta miguu, acha betri. Ubovu uko kwenye nyaya, kwenye bodi au kwenye stata yenyewe. Weka ncha moja ya multimita katikati ya kichwa cha betri na nyingine kwenye klampu yake, kisha piga stata: hapo isome karibu sifuri. Ikisoma nusu volti, una kutu kwenye klampu, si betri mbovu. Fungua, osha kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi (vifuniko vya seli vikiwa vimekazwa, magadi yakiingia ndani yanaua asidi), kausha, kaza, paka grisi.

Injini ikishawaka, ipandishe hadi mizunguko 1,500, washa taa na feni. Kwenye jozi usome kati ya volti 27.6 na 28.8. Ikikaa chini ya 27, betri hazijai na salfeti inakuja. Ikivuka 29, regulata (kidhibiti cha volti za alternata) imekufa na betri zinapikwa. Utazijua kwa harufu ya yai bovu na ubavu uliovimba. Usinunue chochote kabla ya kurekebisha hapo.

Mwisho, zima kila kitu, funga milango, pima umeme unaovuja kwa klampu mita inayosoma DC. Ampea 0.1 zinaonekana si kitu, lakini ni Ah 2.4 kwa siku, karibu 72 kwa mwezi. Lori likilala yadini wiki mbili tatu, hiyo ni sababu tosha ya kuzima swichi kuu. Kwa malori mapya yanayotumia AdBlue (maji ya kusafisha moshi wa dizeli), subiri dakika chache baada ya kuzima injini ndipo uizime, pampu imalize kurudisha maji yake.

Kuchagua

Nunua mbili kwa pamoja, kampuni moja, namba moja, tarehe moja. Kuoanisha mpya na ya zamani ni kuiua mpya: ya zamani inajaa mapema na kuisha mapema, na mpya inaburuzwa nyuma yake. Kama moja imekufa kwa ajali na mwenzake hana hata miezi sita na amepita vipimo vyote, hapo unaweza kubadili moja.

Anza na sanduku. Betri za Ulaya za Ah 180 na zile za Kijapani za N150 zina kitako cha karibu sentimita 51 kwa 22. Za Ah 225 na N200 ni karibu 52 kwa 28. Tazama pia chanya iko upande gani, la sivyo waya hautafika. Usishuke chini ya Ah alizoweka mtengenezaji. Kupanda kutoka 180 hadi 225 kunaruhusiwa kama sanduku linapokea na alternata ni nzima.

CCA ni nguvu ya kuwashia inayopimwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Usilinganishe namba ya DIN na ya EN, ambavyo ni viwango viwili tofauti vya kuipima. Betri ileile kwa DIN husoma ndogo zaidi. Kwa barabara zetu mimi ningetazama kwanza uwezo wa kuhimili mtikisiko: kwenye lebo za Ulaya tafuta V3 au V4.

Ya maji ni nafuu na inasamehe, mradi kuna mtu wa kuikagua kila mwezi. Iliyozibwa inafaa lori ambalo madereva wanabadilishana na hakuna anayejali. AGM (iliyozibwa, asidi yake imefyonzwa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo) inavumilia matumizi ya kabini vizuri zaidi, lakini haipendi joto wala regulata inayozidisha, na haina pa kuongezea maji.

Dukani ingia na multimita yako. Ikisoma chini ya 12.4, irudishe kwenye rafu hata kama karatasi lake halijafunguliwa. Kama ni ya kujazwa asidi hapohapo, ikae nusu saa baada ya kujazwa, kisha ichajiwe kabla ya kufungwa.

Kufunga

Ondoa waya wa hasi unaokwenda kwenye bodi kwanza, na kwenye kurudisha uwe wa mwisho. Spana ikigusa bodi ukiwa unafungua chanya wakati hasi bado imefungwa, utaona cheche ya kuunguza mkono, na gesi ya haidrojeni iko hapohapo. Safisha kitako, toa kokoto. Jiwe moja dogo chini ya betri linatoboa boksi. Rudisha kishikizo cha chuma na boliti zake, na ukaze mpaka betri isisogee ukiisukuma kwa mikono miwili.

Kwa betri za maji, kiwango kiwe kama milimita 10 juu ya sahani. Ongeza maji ya betri yasiyo na madini, si ya bomba, si ya kisima, na kamwe si asidi: kinachokauka ni maji, asidi haiendi popote. Ongeza baada ya kuchaji. Sahani zikiwa wazi, zifunike kwanza kidogo, chaji, ndipo umalizie. Chaja iwekwe kwenye sehemu moja ya kumi ya Ah, yaani ampea 18 kwa betri ya 180.

Andika tarehe kwa rangi juu ya kila betri, tunza risiti yenye namba zake, na baada ya wiki mbili za kazi pima tena kila moja peke yake asubuhi kabla ya kuwasha.